Televisheni Inayongoja Kuambiwa

Msikilizaji, leo nazungumzia vituo vya televisheni vinavyopiga muziki wa vijana wa mjini: bongo fleva, hip hop, singeli, pamoja na ndugu zao wa Nairobi, Kampala na Bujumbura. Hoja yangu naitaja mapema ili anayetaka kubishana nami aanze kujiandaa. Kituo cha muziki kinachongoja mpaka msanii apate watazamaji wengi YouTube ndipo kimpigie video yake, kimeiacha kazi yake. Kinaweza kuwa na picha safi, watangazaji wachangamfu na matangazo ya biashara ya kutosha, lakini kwa msanii andagraundi hakina msaada wowote, maana kinamfikia siku ambayo hakihitaji tena. Siku hiyo ni kituo kinachomhitaji yeye.

Tuangalie kwanza televisheni ya muziki inatazamwa wapi. Inatazamwa sebuleni, ndiyo, lakini zaidi inatazamwa kwa kinyozi na kwenye saluni za kina dada, kwa mama lishe, baa kabla mechi haijaanza, na ndani ya mabasi ya mikoani. Mahali hapo pote mtazamaji hashiki rimoti. Ameketi anangoja zamu yake, au chakula chake, au Morogoro, na video inamkuta hapohapo bila yeye kuitafuta. YouTube haifanyi hivyo. YouTube inamhudumia mwenye bando na mwenye jina la kuandika, kisha inamletea nyimbo zinazofanana na zile alizokwisha kuzipenda. Msanii wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Nyakato, Mwanza, ambaye bado hajatoka hana jina la kuandikwa na mtu yeyote nje ya mtaa wake. Kwa hiyo yule anayekaa kituoni na kupanga ipigwe video ipi saa ngapi anaweza jambo ambalo simu haiwezi: kumkutanisha msanii asiyejulikana na mtu ambaye hakuwa akimtafuta. Mamlaka hayo ni makubwa, na ndiyo maana inasikitisha kuyaona yakitumika kurudia orodha ya nyimbo ambazo kila mtu ameshazisikia asubuhi kwenye bodaboda.

Historia iko upande wangu. MTV ilianza kurusha matangazo Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na miaka yake ya mwanzo ilijaa wanamuziki wa roki, karibu wote wazungu. Wakuu wake walijitetea kwamba chaneli yao ni ya roki na kwamba wanawapa watazamaji wanachokitaka. Mwaka 1983 David Bowie, naye mzungu na nyota wa roki, alikuwa akihojiwa na mtangazaji wa MTV hiyohiyo, akayageuza mahojiano na kumuuliza kwa nini wasanii weusi hawaonekani. Mwaka huohuo video ya "Billie Jean" ya Michael Jackson iliingia kwenye mzunguko, na watu wengi huieleza siku hiyo kama siku mlango ulipofunguka. Ulifunguka kwa Michael Jackson, ambaye alikuwa maarufu tangu utotoni. Wengi wa vijana waliokuwa wakighani Bronx na Queens walibaki nje kwa miaka mingine kadhaa.

Waliowaona mapema hawakuwa MTV. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, Ralph McDaniels alianzisha kipindi kiitwacho Video Music Box kupitia WNYC-TV, kituo ambacho kilikuwa mali ya Jiji la New York. Hilo lishike, msikilizaji, nitalirudia: kituo cha umma, kikiendeshwa na jiji. McDaniels alikuwa na fedha kidogo, akaenda na kamera kwenye kumbi na mitaani, akawapiga picha watu ambao hakuna kampuni ya matangazo iliyokuwa ikiwatazama. Ilipofika Agosti 1988 MTV ikaanzisha Yo! MTV Raps, mtangazaji akiwa Fab 5 Freddy, na kipindi kikapata watazamaji wengi kiasi kwamba baada ya muda mfupi kikaongezwa kuwa cha kila siku. Wakuu wa MTV walishangaa. Mshangao huo una jambo la kutufundisha kuhusu takwimu. Watazamaji wa rap walikuwapo miaka yote hiyo, ila vipimo vya MTV havikuwaona, kwa sababu vipimo hupima kile tu kilichorushwa. Huwezi kuhesabu kiu ya watu kwa kinywaji ambacho hujawahi kukiweka mezani. Kila meneja wa vipindi anayesema "watazamaji wetu hawataki hicho" anapaswa kwanza kuulizwa ni lini aliwahi kuwapa.

Tukija kwetu, jambo hili halikuanza na vijana wa kofia za kapelo. Kwa miongo kadhaa Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi za dansi, ikapitia mashairi yao kwa kamati, na ikaamua ipi isikike nchi nzima. Lilikuwa chujio kali, lenye siasa ndani yake, na malalamiko ya wanamuziki kuhusu malipo hayajaisha hadi leo. Lakini hazina tuliyonayo ya muziki wa dansi ipo kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeiambia bendi kutoka mkoani: njooni studio. Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi, Radio One ilianza 1994, na ni katika redio hizo binafsi kizazi cha rap ya Kiswahili kilipata masikio ya nchi. Mwaka 1995 Mr II, ambaye baadaye tulimzoea kwa jina la Sugu, alikuwa tayari ametoa albamu. Wakati huo wazazi wengi waliuona muziki huo ni uhuni, na hapakuwa na takwimu yoyote ya kumshawishi mwenye duka atangaze biashara yake katikati ya kipindi cha rap. Watangazaji waliupiga kwa sababu waliuamini. Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 2010, Sugu aliingia bungeni kwa kura za watu wa Mbeya Mjini.

Kisha ikaja zamu ya picha. EATV, ambayo wengi waliizoea kama Channel 5, ilijitambulisha kama televisheni ya vijana, na kwa kizazi kizima cha bongo fleva kuonekana hapo ndiko kulikuwa kutoka. Video nyingi za miaka ile ya mwanzo wa 2000 zilikuwa za kawaida sana: ukuta wa matofali, gari la kuazima, marafiki watano nyuma ya msanii. Leo wengine wanazicheka. Mimi naona zilikuwa na faida ambayo tumeipoteza, nayo ni kwamba gharama yake haikumzidi kijana mwenye wimbo mzuri. Hali ilibadilika chaneli za bara zima ziliposhika nafasi. Channel O ilikuwapo tangu miaka ya 1990, na MTV Base ilizinduliwa Afrika Februari 2005 kwa "African Queen" ya 2Face wa Nigeria. Chaneli hizi zilifanya kazi kubwa, na sitaki kuidharau. Bila hizo Lagos na Dar es Salaam zingechelewa kufahamiana, na pengine Diamond Platnumz asingefikia kushirikiana na Davido wala kuchukua tuzo ya MTV kule Durban mwaka 2015. Lakini pamoja na nafasi likaja sharti la ubora wa picha, na sharti hilo likageuka haraka kuwa sharti la fedha. Kwa miaka kadhaa wasanii wetu wakubwa walikuwa wakipanda ndege kwenda Afrika Kusini kurekodi video, na huku nyumbani vituo vikaanza kumpima hata kijana wa Temeke kwa kipimo hichohicho. Ubora wa sauti na usafi wa picha ni haki ya mtazamaji. Jumba la kukodi na boti si ubora, ni bajeti.

Anayetaka kuona njia nyingine atazame London. Mwaka 2003 kilianza kituo kidogo kilichoitwa Channel U, kikapokea video za muziki wa grime zilizopigwa kwa kamera ndogo kwenye ngazi na viwanja vya majengo ya manispaa, nyingi zikiwa na picha zinazotikisika na mwanga hafifu. Vituo vikubwa vya Uingereza havikuzigusa. Kwa vijana wa mashariki mwa London ilikuwa mara ya kwanza kuiona mitaa yao kwenye televisheni pasipo habari ya polisi. Wengi waliopita hapo walikuja kuwa majina makubwa ya muziki wa nchi ile. Mwaka 2014 Skepta, aliyekua kimuziki katika mazingira hayo, alitoa video ya "That's Not Me" iliyogharimu pauni 80, nayo ikachukua tuzo ya MOBO ya video bora ya mwaka. Channel U yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2009 na baadaye ikafa, na kifo hicho nitakizungumzia, kwani anayenipinga atakitumia.

Atakayenipinga kwanza ni kijana mwenyewe. Atasema: mzee, televisheni ya nini? Gengetone ya Nairobi ililipuka 2018 kwa "Lamba Lolo" ya kundi la Ethic, video ya mtaani iliyopandishwa YouTube, na vituo vikaja kuifuata nyuma vikihema. Ni kweli, na ni aibu kwa vituo. Ila tutazame kilichofuata. Muziki ule ulipanda kwa kasi ya ajabu, na baada ya miaka michache makundi mengi yaliyoubeba hayasikiki. Nijuavyo mimi, sababu ni zaidi ya moja: matusi yalileta ugomvi na wazazi na wadhibiti, makundi yakagawanyika, soko likajaa nakala. Lakini kati ya sababu hizo naiweka hii pia, kwamba hapakuwa na mtu wa kukaa nao. YouTube hukuonyesha idadi, haikuiti studio kukuhoji kuhusu mashairi yako, haikwambii wimbo wa pili ni dhaifu, haikupangi wiki moja na mkongwe ili mashabiki wake wakuone. Mtangazaji mzuri wa kipindi cha muziki hufanya yote hayo. Ndiyo sababu wasanii wa miaka ya 1990 bado wanawataja watangazaji waliowapiga mara ya kwanza, na wa leo hawana wa kumtaja isipokuwa simu zao.

Singeli inatoa ushahidi wa namna nyingine. Muziki huu ulizaliwa Dar es Salaam, kwenye vigodoro na sherehe za uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwa mwendo wa kasi ambao uliwatisha waliozoea bongo fleva ya mapenzi. Kwa miaka mingi vituo vikubwa viliuona ni kelele za watu wasio na fedha. Redio ya EFM ndiyo iliyoupa nafasi ya kudumu hewani, na Desemba 2016 tuzo za EATV zilimpa Man Fongo ushindi wa msanii chipukizi. Mwaka uliofuata lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, na Ulaya ikaanza kuualika. Waliouchagua mapema hapa nyumbani walikuwa wachache, na hawakuwa na takwimu mkononi. Nawapa heshima yao. Waliobaki waliupiga baada ya wazungu kuucheza, nao sijui niwape nini.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye vituo, nalo ni zito zaidi. Wanasema demokrasia imekuja: zamani watu wachache walichagua kwa niaba ya wote, sasa umma unachagua wenyewe kwa kubofya, na sisi tunaufuata umma. Wazo si jipya. Huko Miami mwaka 1985 kilianza kituo ambacho baadaye kiliitwa The Box, mtazamaji akipiga simu na kulipia video anayoitaka. Kiliwasaidia kweli wasanii wa rap waliokataliwa na MTV, na hilo nalikubali. Lakini kura inayolipiwa ina udhaifu ulio wazi, kwamba mwenye fedha anaweza kujipigia. Hali hiyo ndiyo tuliyonayo leo kwa sura nyingine. Watazamaji wa mtandaoni hununuliwa, na kila menejimenti inajua hilo, hata ile isiyofanya. Pale ambapo hawanunuliwi, wanatafutwa kwa kiki: ugomvi wa kupanga, penzi la kupanga, talaka ya kupanga. Kituo kinachofuata idadi hizo hakifuati umma. Kinamfuata aliyelipa matangazo wiki iliyopita, na kinamwongezea matangazo ya bure.

Hapo mwenye kituo atanijibu kwamba mtu anayechagua naye hununulika, na ana haki ya kunijibu hivyo. Marekani ilitikiswa na kashfa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, mtangazaji maarufu Alan Freed akapoteza kazi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1960 kuzuia malipo ya siri. Kwetu pia minong'ono ya mtangazaji kupewa chochote ili wimbo upigwe ni ya miaka mingi. Sidai kwamba binadamu ni safi kuliko mtambo. Nadai kwamba binadamu anaweza kuwajibishwa. Watatu wakichagua pamoja badala ya mmoja, majina yao yakajulikana, na kituo kikatangaza video hupokelewaje na kila wiki kikataja zilizopita, rushwa haitakwisha lakini itakuwa ghali na yenye hatari. Idadi ya YouTube haina wa kumshika mkono na kumuuliza.

Sasa, je, kituo kinachochagua mapema kinaweza kweli kumtoa mtu? Jibu liko Mbezi na si London. Wasafi TV ya huko Mbezi ilianza 2018, msanii Diamond Platnumz akiwa mmoja wa wamiliki wake, na Aprili 2020 lebo ya Wasafi ilimtambulisha Zuchu. Nje ya watu wa karibu na taarabu waliomjua mama yake, Khadija Kopa, nchi haikumfahamu. Alipewa redio, televisheni, mahojiano na nafasi, yote kwa pamoja, kabla ya idadi yoyote kumhalalisha, na ndani ya miezi michache hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Kipaji alikuwa nacho. Vipaji vilivyo na sauti nzuri na visivyo na kituo viko vingi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuchagua kabla ya takwimu ni mchezo wa hasara, naomba aueleze mfano huo. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa: mlango ulikuwa wa nyumba moja. Mwenye kituo alimchagua msanii wa lebo yake, jambo ambalo kila mfanyabiashara angefanya. Kijana asiye na lebo ana haki ya kuuliza wake uko wapi.

Wafaransa walilijibu swali hilo kwa sheria. Sheria yao ya 1994, iliyoanza kutumika Januari 1996, ililazimisha redio kupiga angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya. Lengo lilikuwa kulinda lugha dhidi ya Kiingereza, na walioitunga sheria hawakuwa wakiwafikiria vijana wa vitongoji vya Paris na Marseille. Lakini redio zilipolazimika kutafuta nyimbo mpya za Kifaransa, zilizokuwapo kwa wingi zilikuwa za rap. Skyrock iligeuka kuwa redio ya rap, na miaka michache baadaye Ufaransa ikawa moja ya masoko makubwa ya hip hop duniani. Kumbuka kwamba sharti halikusema nani apigwe. Lilisema tu kwamba sehemu ya muda si ya waliokwisha kutoka.

Hilo ndilo ninalolipendekeza kwa vituo vyetu, na muda huo uwe wa jioni, si saa nane za usiku ambapo anayetazama ni mlinzi. Zipo hofu mbili za kweli. Moja ni adhabu: wimbo wa msanii mgeni ukivunja maadili, anayetozwa faini ni kituo. Hofu hiyo inaeleweka katika nchi ambayo Machi 2017 "Wapo" ya Nay wa Mitego ilipigwa marufuku na Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, kisha ikaruhusiwa kwa kauli ya rais, yote kwa muda mfupi. Tiba yake ni kusikiliza kabla ya kurusha, jambo ambalo wachaguzi watatu wangelifanya hata hivyo. Hofu ya pili ni fedha, na hapa ndipo kifo cha Channel U kinapoingia. Vituo vidogo vinavyochagua mapema mara nyingi hufa, kwa sababu vikishamtoa msanii, wakubwa humchukua pamoja na matangazo yake. Sina dawa ya hilo kwa kituo binafsi chenye mkopo benki, na sitamlaumu mwenye nacho akiogopa.

TBC, shirika letu la utangazaji la umma, haiko katika hali hiyo. Inapewa fedha za kodi, inafika mahali ambapo vingine havifiki, na imerithi kazi ya Radio Tanzania, ile iliyoziita bendi za mikoani studio. New York ilionyesha kwamba chombo cha umma kinaweza kuwa mbele ya MTV kwa miaka kadhaa kikiwa na kamera na watu wachache wenye masikio. Hapa hata kamera si lazima, kwani video zinaletwa zikiwa tayari. Saa moja kila jioni, kuanzia saa moja usiku kwa mfano, ingehitaji mishahara ya wachaguzi wachache, mmoja awe Mwanza, mmoja Mbeya, mmoja Dar es Salaam na mmoja Zanzibar, na mirabaha ilipwe kwa kila wimbo unaopigwa, hata ule wa msanii ambaye hajui kwamba anastahili kulipwa.